Jino la Hiari

Naapa kwa meno yangu saba. Sitaapa kwa kaburi la mama, maana makaburi yamechoka kuapiwa. Naapa kwa haya saba yaliyobaki kinywani, manne chini na matatu juu, ambayo kila nikiamka huyahesabu kwa ulimi kabla sijamsalimu mtu. Nitakayowasimulia ni kweli tupu. Tumekaa kwenye benchi hili la zahanati ya meno tangu asubuhi, namba haziitwi, mlango haufunguki, kila mmoja kashika shavu lake kama kashika yai. Basi niacheni niwapunguzie maumivu. Atakayenikamata na uongo, mmoja tu, nampa jino. Koleo lile pale dirishani, kalisahau nesi.

"Haya mzee, tupige fiksi," alisema dereva wa lori aliyekaa kushoto kwangu, shavu limemvimba kama kaficha chungwa.

Si fiksi, bwana. Mimi nilikuwapo. Mimi nilikuwa mfagiaji wa ule ua. Hilo lishikeni.

Palikuwa na Chuo katika nchi ambayo jina lake liling'olewa kwenye ramani, likabaki tundu. Chuo hicho kilikuwa na majumba mawili yaliyotazamana kama mahasimu. Jumba la Siasa halikuwa na dirisha hata moja. Jumba la Saikolojia halikuwa na mlango, ukitaka kuingia unaparamia dirisha kama mwizi. Katikati palikuwa na ua wa mchanga, na katikati ya ua mnara wa saa uliokuwa na mshale mmoja tu, wa chuma, mrefu, uliozunguka chini kabisa, usawa wa kichwa cha mtu. Saa ile haikupiga kengele. Ilipiga watu. Ukisikia kishindo na mtu kalala mchangani unajua ni saa tatu. Wakilala wawili, saa nne. Na kwa kuwa hakuna aliyejua ni nani kalala kabla yake, hakuna aliyejua ni mwaka gani.

Ada ya kuingia ilikuwa jino. Kwenye Siasa walikung'oa. Watu wanne wanakukalia kifuani, wa tano anavuta, basi, umesajiliwa. Kwenye Saikolojia hakuna aliyekugusa. Walikukalisha kwenye kiti chenye mto, wakakuuliza habari za mama yako kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa, wakauliza tena, na tena, mpaka wewe mwenyewe unatia vidole kinywani, unalivuta, unawakabidhi na kusema asante. Kilio cha jumba la kwanza kilisikika hadi sokoni. Jumba la pili lilikuwa kimya, na watu wa sokoni waliliogopa zaidi.

Siku moja akafika kijana mmoja aitwaye Zamoyoni, na kifuani kabeba swali badala ya begi.

Swali lenyewe lilikuwa hivi. Baba yake alikuwa mtu wa kubeba magunia mawili kwa mpigo, akaimba. Siku moja, Zamoyoni akiwa na miaka saba, alikuja mtu mfupi aliyeshika karatasi. Hakuwa na bunduki, hakuwa na askari. Alisoma karatasi yake. Baba akavua shati, akalikunja vizuri kama la Idi, akalala kifudifudi mwenyewe. Akachapwa viboko kumi na viwili na yule mtu mfupi, ambaye ilibidi apumzike kila baada ya vitatu kwa kukosa nguvu, na kila alipopumzika baba alimsubiri. Kisha baba akainuka, mgongo unavuja, akasema, "Asante, bwana." Asingesema asante, Zamoyoni angelala usingizi wake. Lakini alisema. Ndipo mtoto akajiuliza: aliyemlaza baba chini ni nani? Ni mkono wa yule mfupi, au ni kitu ndani ya baba mwenyewe? Kama ni mkono, akasome Siasa. Kama ni kitu cha ndani, akasome Saikolojia.

"Chagua moja," alisema mwandikishaji pale langoni.

"Yote mawili."

"Hakuna yote mawili hapa. Mtu ana mdomo mmoja."

"Ana safu mbili za meno," alijibu Zamoyoni.

Wakamng'oa mawili. La juu walimng'oa, la chini alilitoa mwenyewe na kushukuru.

Tangu siku hiyo wakamwita Ndumilakuwili, jina la yule nyoka mwenye vichwa viwili, na ua ukawa jehanamu yake. Kila siku alivuka mara mbili. Wanafunzi wa Siasa walimpiga mawe mazito ya ukubwa wa ngumi, wakisema msaliti anakwenda kuuza siri zetu kwa wale wabembelezaji. Wanafunzi wa Saikolojia hawakupiga. Walijaa madirishani na daftari zao, na kila jiwe lilipompata walipaza sauti kwa upole, "Unajisikiaje?" Akisema vibaya, wanaandika. Akinyamaza, wanaandika zaidi. Akianguka, wanapeana kalamu. Na huku mshale wa saa unazunguka, naye anainama, anaruka, anainama, damu inamtoka sikioni. Nyie mnaolalamikia jipu la ufizi, hamjasoma.

Kitu kimoja tu kilimweka hai, nacho kilikuwa Bi Sikitu.

Bi Sikitu alikaanga vitumbua nje ya lango. Hakusoma popote. Katika nchi nzima yeye peke yake alikuwa na meno thelathini na mawili, meupe, yamepangana kama watu wa swala, na akicheka alicheka nayo yote. Kila mwaka, Siku ya Mchango, wajumbe wa Chuo walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya jino moja kwa kila kinywa, kwa maendeleo. Walipofika kwenye karai la Bi Sikitu aliwajibu maneno mawili tu, "Yote nayatumia," akaendelea kugeuza vitumbua. Walimmwagia mafuta ya moto mguuni mwaka mmoja. Mwaka uliofuata akawajibu yaleyale, mguu umefungwa kanga.

"Leo wamekupiga wapi, mwanangu?"

"Kichwani, shangazi."

"Kichwa kipi?"

Kisha anacheka, anachovya kitumbua kwenye chai mpaka kilainike, anamlisha kwa mkono wake, maana taya lilikuwa halifunguki. Hapo ndipo Zamoyoni alipomsimulia habari ya baba yake, na karatasi, na shati lililokunjwa. Bi Sikitu hakusema pole. Alisema, "Kula."

Miaka mitatu ya masomo ilikwenda kwa mchana mmoja. Ndevu zilimtoka saa nne. Saa sita alikuwa amejaza daftari mbili, nyekundu ya Siasa na ya buluu ya Saikolojia, moja mfuko wa kulia, moja wa kushoto, na hakuzichanganya hata siku moja, kwa kuwa alikwishaonywa pale langoni. Profesa Mshindo, mkuu wa Jumba la Siasa, mtu wa joho jeusi na sauti ya gari la mawe, alikuwa akisema, "Watu ni mlango. Upige teke." Dakta Taratibu, mkuu wa jumba la pili, mwenye joho jeupe na sauti ya pamba, alikuwa akisema, "Watu ni mlango. Subiri. Wataufungua waone kwa nini hubishi hodi." Wawili hao hawakuonekana pamoja hata siku moja. Watu walisema wanachukiana.

Basi ikafika Siku ya Mchango, na mwaka huo watu waligoma. Walikuja mia nne na zaidi mbele ya lango, midomo wameifumba, wengine wameishona kwa nyuzi za magunia ili wasije wakashawishika. Hawakuwa na mawe wala mapanga. Walisimama tu. Mshindo akafurahi, akasema mtihani wa Siasa umejileta wenyewe. Akamwita Zamoyoni juu ya roshani. Chini, askari mia wameshika marungu. "Soma amri," akamwambia. "Ukimaliza kusoma, tunashuka."

Zamoyoni alikuwa ndiyo kwanza amevuka ua. Jiwe lilikuwa limempasua juu ya jicho, damu inamshuka usoni, kifuani, mfukoni. Alijua ukurasa anaoutafuta: ule wa kuwatisha watu wakimbie. Wakikimbia mapema, alifikiri, watapona. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yake, na ninaijua vizuri. Akatia mkono mfukoni, nika... akatoa daftari nyekundu, akafungua, akasoma kwa sauti:

"Najua mmechoka. Najua hakuna aliyewahi kuwauliza. Hamkosi kitu isipokuwa mtu wa kuwasikiliza. Kila mmoja ataje jina la mama yake, polepole."

Ilikuwa daftari ya buluu. Damu ilikuwa imeipaka nyekundu.

Mzee mmoja wa mbele akataja jina. Kisha mwanamke mmoja. Walioshona midomo wakakata nyuzi kwa kucha wapate kutaja. Mia nne wakalia kama mmoja, na hapo, bila rungu kuinuliwa, wakaanza. Walitia vidole vinywani. Wasio na nguvu ya vidole waliokota mawe. Mama alimsaidia mwanawe. Wapenzi wawili walishikana vichwa wakagongana meno kwa meno mpaka yakatoka. Wengine walijigonga kwenye nguzo za lango, wakarudi nyuma, wakaja tena mbio. Zamoyoni alipiga kelele waache, lakini alipiga kwa sauti ileile ya upole, maana ilikuwa imekwama kooni, na kadiri alivyosema "acheni" ndivyo walivyozidi kujitahidi wampendeze. Sauti ya meno kudondoka kwenye sakafu ya lango ilikuwa kama mahindi yanayopukuchuliwa, magunia na magunia. Na juu ya sauti hiyo, kutoka midomo myekundu mia nne, ikapanda, "Asante. Asante, bwana."

Mshindo akamkumbatia. Akamkumbatia mpaka ubavu mmoja ukavunjika. Kisha akavua joho lake jeusi, akaligeuza ndani nje, na ndani lilikuwa jeupe. Akalivaa tena. Mabega yakashuka, sauti ikalainika, akawa Dakta Taratibu.

"Tumekusubiri muda mrefu, mwanangu," akasema. "Mimi navuka kwa kugeuza joho. Wewe unavuka hujui hata umevuka."

Mkono. Neno. Mkono uliovaa neno kama glavu. Neno lenye kucha. Baba, yule mfupi alikuangusha, au ulikuwa umeshalala chini siku nyingi ukisubiri mtu aje na karatasi? Na kama ulikuwa umelala, nani alikulaza mara ya kwanza? Nani alimlaza aliyekulaza? Nataka kumpata mtu wa kwanza aliyesema asante kwa pigo, nimshike koo, nimuulize, na najua nikimshika koo atanishukuru. Nimetafuta katika nyekundu, nimetafuta katika buluu. Mamlaka si kiti. Si bunduki. Ni ule muda mfupi kati ya kiboko cha tatu na cha nne, mpigaji anapumzika, mpigwaji anasubiri, na hakuna kati yao anayejua kwa nini haondoki. Ndivyo alivyosema Zamoyoni peke yake, kaegemea ukuta wa roshani, na wakati anasema hayo mvi zikawa zinamtoka.

Chini langoni, kinywa kimoja kilibaki kizima. Bi Sikitu alikuwa amesikia maneno yote, akataja jina la mama yake kama wengine, akafuta machozi kwa kanga, kisha akageuza vitumbua visiungue.

"Yule," alisema Taratibu. "Ndiye mtihani wako wa mwisho. Jino moja tu, alitoe kwa hiari, na aseme asante. Asiposema, hujafaulu. Usipofaulu, tunamng'oa yote sisi, kwa mkono wa Siasa, halafu unakaa wewe kwenye kiti hichohicho."

Kiti kiliwekwa katikati ya ua, chini ya mshale. Bi Sikitu alikuja mwenyewe, unga mikononi, akauinamia mshale kwa wakati wake, akaketi. Majumba yote mawili yalitoka kutazama. Zamoyoni akasimama mbele yake na koleo.

"Shangazi, toa moja tu. Utabaki na thelathini na moja."

"Yote nayatumia."

"Ni kwa faida yako."

"Hivyo ndivyo walivyomwambia baba yako?"

Mshale ukapita juu ya kichwa chake, ukamkata nywele. Akatazama koleo, akatazama meno yale thelathini na mawili yaliyokuwa yakimchekea kila siku alipopigwa. Na hapo, mabibi na mabwana, Zamoyoni alifanya jambo ambalo halijafanywa tena duniani. Alilirusha koleo juu kwa nguvu zake zote! Likanasa kwenye mtambo wa saa. Mshale ukasimama, ukatetemeka, ukaanza kuzunguka kinyume. Mnara ukapasuka. Jumba la Siasa likatoboka madirisha elfu, Jumba la Saikolojia likafunguka milango elfu. Ghala la meno likalipuka, yakaruka angani kama mvua ya mawe, yakamtoboa Mshindo upande mweusi na Taratibu upande mweupe, kisha kila jino likamtafuta mwenyewe, likarudi mahali pake, tap, tap, tap, mia nne kwa mpigo! Bi Sikitu akasimama, akakung'uta unga, akarudi kwenye karai lake. Hadi leo anakaanga, na meno yake thelathini na mawili. Nilifagia vifusi siku tatu. Kweli tupu.

Benchi zima likapiga makofi, hata wenye majipu. "Mzee," akasema dereva, anafuta machozi ya kicheko, "hii ya meno kurudi ni fiksi ya kimataifa. Lakini tamu. Nakuachia jino lako."

"Mfagiaji," ikasema sauti.

Ilitoka mwisho wa benchi. Alikuwapo mama mmoja aliyejifunika kanga hadi puani, hakusema neno tangu asubuhi.

"Naam, mama."

"Ulifagilia nini?"

"Ufagio wa chelewa, mama. Mkubwa."

"Ua ule haukuwa na mfagiaji. Damu ilikaukia palepale mchangani. Mimi nilikuwa langoni kila siku, ningekuona." Akainuka. Mguu mmoja ulikuwa na kovu la zamani, la mafuta. "Na umepamba vizuri. Saa, mnara, mvua. Lakini pale kwenye kiti umeruka. Simulia pale."

"Nimesimulia, mama."

Akashusha kanga. Ndani ya kinywa chake hamkuwa na kitu. Ufizi tu, laini, kama wa mtoto mchanga.

"Hesabu," akasema.

Dereva akaacha kucheka.

"Nilisema yote nayatumia," Bi Sikitu akawaambia wao, si mimi. "Akalia. Mtoto niliyemlisha kwa mkono, analia mbele yangu na koleo, na wale kule wanasubiri kumkalisha yeye. Nikamwambia, usilie, chukua moja, wasije wakakuua. Nikafungua mdomo mwenyewe. Hilo lilikuwa la hiari, kweli. Nililitoa kwa sababu nilikuwa nampenda, na nadhani hilo halikuwamo kwenye daftari yoyote. Akaling'oa." Akanigeukia. "Kisha ulisema nini, Zamoyoni?"

Nikajibu, "Nilisema pole, shangazi."

"Kisha?"

"Nikasema, sema asante."

"Nikasema?"

"Hukusema."

"Basi?"

Basi. Basi akang'oa la pili, akasema pole, akasema sema asante tu, shangazi, neno moja tu, nitaacha, nakuomba. Hakusema. La tatu. La nne. Alikuwa akimwomba kwa ile sauti yake ya pamba, anavuta kwa ule mkono wake wa mawe, na hakujua amevuka. Kwenye la kumi alipumzika, mkono umechoka. Naye Bi Sikitu akakaa tu, anamtazama. Miguu ilikuwa huru, hakuondoka. La ishirini lilikatika, akalichimbua. Thelathini na mawili. Hakusema asante. Walimpa joho lile hata hivyo, la pande mbili, wakasema mwanafunzi aliyeomba mara thelathini na mbili bila kuacha ndiye waliyekuwa wakimtafuta. Nililivaa miaka arobaini. Nikastaafu nalo.

"Uongo ni mwingi hapo," dereva alisema taratibu. "Ufagio, saa, mvua ya meno, Sikitu anakaanga... Mama, una haki ya manne. Matano."

"Moja tu," alisema Bi Sikitu. "Mimi si Chuo. Nimekuja kuchukua meno ya bandia, si kukusanya."

Akaenda dirishani, akarudi na koleo. Nilifungua mdomo mwenyewe. Sikuambiwa. Akachagua la mbele, la juu, ambalo nimelitumia kusema nalo maneno yote haya, akalibana, hakuniuliza habari za mama, hakusema pole, akavuta. Kichwa kilipiga ukuta. Liling'ang'ania, akatikisa kulia, kushoto, nikasikia mzizi unapasuka ndani ya fuvu kama kuni mbichi, na damu ikajaa, moto, ya chumvi. Akaliinua kwenye mwanga, akalifungia pembeni mwa kanga yake.

Nami nikahisi ulimi unainuka wenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Ulikuwa unaijua njia, ulifundishwa kabla yangu, na ukaanza, "A..."

Akaniziba mdomo kwa kiganja chake, kikinuka mafuta ya vitumbua.

"Usithubutu," akasema.

Nikameza.